Jibu la Pili

Sifa zote njema ni zake Mwenyezi Mungu, aliyetupa ulimi wa kumshukuru na akatupa maumivu ili tusisahau kwamba tuna miili. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu, jamaa zake na wote walioshika njia yake. Namshukuru kwa umri alionipa, kwa kazi iliyonilisha, na kwa goti langu la kushoto ambalo halinikubalii tena kusujudu bila kiti lakini bado linanifikisha msikitini. Baada ya kumhimidi, nasimulia.

Mimi ni wakili. Nilizaliwa Kau, si mbali na pale Mto Tana unapokutana na bahari, nikaingia chuo cha Kurani kabla ya kuingia shule. Huko chuoni, pamoja na herufi, nilijifunza jambo ambalo hakuna aliyenifundisha kwa maneno: mtu akiulizwa hali yake huanza na shukrani. Hata homa iwe imemkausha midomo, atasema alhamdulillahi. Aliyeuliza atauliza tena, na mgonjwa atashukuru tena, safari hii kwa sauti iliyoshuka kidogo. Hapo ndipo habari yenyewe huanza kutoka. Ndugu zetu Wakristo wa mtoni hufanya vivyo hivyo kwa maneno yao, na wafugaji wa nyikani huenda mbali zaidi, huuliza kwanza habari za mvua, za ng'ombe, za watoto, za safari. Nimeishi na desturi hii maisha yangu yote bila kuifikiria, kama mtu asivyofikiria namna anavyopumua. Sikujua kwamba uzeeni ingeninyima raha mbele ya hakimu.

Ofisi yangu iko Garsen, juu ya duka la mabati na misumari. Kazi yangu ni kudai fidia kwa ajili ya watu walioumia: waliogongwa barabarani, waliosagwa na mashine, na wale walioumizwa na mikono iliyotakiwa kuwaponya. Hawa wa mwisho kesi zao huitwa za uzembe wa matibabu, nazo ni ngumu kupita zote. Mgonjwa mara nyingi hajui alifanywa nini, na watu wetu wanaona haya kumlaumu mtu aliyewashika mkono wakiwa wagonjwa. Hata wale wa ajali za kawaida wana haya hiyo. Mzee mmoja wa Chewele, aliyekanyagwa na tela la trekta kule mashamba ya Bura, alinieleza kwa urefu jinsi dereva yule alivyo mtu mwema na mtoto wa watu, nikanywa chai hadi ikaisha, ndipo akavua kiatu nikaona hana vidole.

Mwanamke ninayetaka kumsimulia alipanda ngazi zangu asubuhi moja ya kiangazi, akifuatana na wifi yake. Ni wafugaji, watu wa nyikani ng'ambo ya mji, na yeye alikuwa akikamua ng'ombe alfajiri na kuleta maziwa Garsen kuuza. Alikaa kwenye kiti karibu na mlango, mkono wa kulia ukiwa ndani ya mtandio. Tulisalimiana kama inavyopasa. Kisha nikamuuliza mkono unaendeleaje.

"Alhamdulillahi," akasema.

"Usimsikilize huyu, mzee," wifi yake akadakia. "Ukimkuta anaungua atakwambia leo kuna joto kidogo. Toa mkono, mzee auone."

"Acha maneno."

"Tumepanda ngazi zote hizi kuja kunyamaza? Toa."

Akautoa. Kifundo kilikuwa kimejikunja kwa ndani, na vidole vyote vimekunjamana kiganjani, vigumu, kama kucha za ndege aliyeshika tawi. Mkono wenyewe, toka kiwiko kushuka, ulikuwa umekonda mpaka nusu ya mwenzake. Aliuacha juu ya meza yangu kwa muda mfupi, akaurudisha ndani ya nguo.

Habari yenyewe aliitoa polepole, wifi yake akimsukuma. Pikipiki ilimgonga kando ya barabara akiwa na madumu yake ya maziwa, ikamvunja mfupa wa mkono. Alipelekwa kliniki ya binafsi mjini, tabibu kijana akamfunga plasta na kumpa dawa za maumivu. Usiku ule mkono ulivimba ndani ya plasta. Asubuhi vidole vilikuwa vizito na vimebadilika rangi. Alirudi kliniki peke yake, kwa sababu wifi alikuwa amefuata ng'ombe malishoni. Tabibu alimuuliza, "Mama, unaendeleaje?" Akajibu, "Alhamdulillahi, mzima." Tabibu akaandika, akamwambia arudi siku ya kutolewa plasta, akaita mgonjwa mwingine. Siku plasta ilipokatwa, mkono ulikuwa umekwisha.

"Ningekuwepo mimi," wifi akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa chini. "Ng'ombe wangekaa na njaa siku moja, wasingekufa."

Nilimuuliza mgonjwa anataka nimdaie nini. Wengine hutaja pesa, wengine hutaka tabibu afukuzwe. Yeye alitazama sakafu.

"Nataka kula kwa mkono huu," akasema. "Sasa nakula kwa wa kushoto. Watoto wananiona."

Msomaji ambaye si wa imani yetu na ajue kwamba mkono wa kulia ndio wa kula, ndio wa kutoa na kupokea, na wa kushoto una kazi nyingine. Mwanamke huyu alikuwa amewakataza watoto wake kwa miaka mingi wasile kwa mkono wa kushoto.

Nilimpeleka Mombasa kwa daktari bingwa wa mifupa. Huyo aliupindua mkono huku na huku, akasema upasuaji unaweza kuhamisha mishipa na kuvifungua vidole kiasi. Kukamua hakuahidi. Kushika tonge, pengine. Ila kadiri unavyokaa umejikunja ndivyo viungo vinavyozidi kukauka, na ukichelewa sana, hata yeye hataweza. Familia haikuwa na njia ya kulipia upasuaji ule. Kampuni ya bima ya kliniki ilikataa dai letu kwa sentensi fupi: mgonjwa mwenyewe alisema anaendelea vizuri. Basi yote yakabaki mikononi mwa mahakama. Tukishinda mapema, mkono ufunguliwe. Tukishindwa, au tukichelewa, ubaki vile hadi kaburini.

Tangu siku hiyo sikutulia. Nimefanya kazi hii muda mrefu na nimejifunza kumwachia Mungu kilicho chake, lakini kesi hii ilinikalia kifuani. Mto ulifurika, maji yakaingia barabarani, mahakama ikaahirisha kesi. Tarehe nyingine ikapangwa, hakimu akahamishwa. Kila nilipopewa tarehe mpya niliona vile vidole vikikaza. Nilikuwa nikishika tasbihi baada ya sala na kujikuta sijui nimefika wapi, narudia mwanzo, napotea tena. Mke wangu alisema ninatembea ndani ya nyumba kama fahali aliyefungiwa, nitamwondolea saruji ya sakafu.

Kilichonisumbua zaidi ya tarehe ni kizimba cha ushahidi. Nilijua wakili wa upande wa pili atamuuliza nini, na nilijua atajibu nini.

Siku chache kabla ya kesi kusikizwa nilikwenda kwao. Tulikaa nje ya nyumba yao ya mikeka, wifi akitupepea nzi.

"Wakikuuliza mkono unaendeleaje," nikamwambia, "utasema nini?"

"Nitasema alhamdulillahi."

"Na baada ya hapo?"

"Wakiuliza tena nitawaambia."

"Hawatauliza tena. Yule wakili akishapata alhamdulillahi yako atakaa chini."

"Hakufundishwa adabu kwao?"

"Amefundishwa. Siku hiyo ataiacha nyumbani."

Alifikiri. "Basi nisimshukuru Mungu kwa sababu ya mkono?"

Nilikuwa nimekuja kama wakili, naye ameniuliza swali la chuoni. Nilimwambia kwamba kulalamika juu ya Mungu ni kitu kimoja, na kutoa ushahidi ni kitu kingine. Ushahidi ni amana, na anayeuficha akiulizwa anabeba dhambi hata kama ameuficha kwa haya. Maneno hayo nayaamini. Hata hivyo nilipokuwa nikiyasema niliona aibu, kwa sababu niliyajua pia kuwa yananifaa kwa kesi yangu.

"Mzee," akasema, "ulipokuja nimekuona unashuka kwenye pikipiki umeshika goti. Nikakuuliza hali. Ulisema nini?"

Wifi yake alicheka mpaka akaangusha upepeo wake.

"Nilisema alhamdulillahi," nikakiri.

"Wakili mzima," wifi akasema. "Mpelekeni naye mahakamani."

Niliondoka bila ahadi yoyote. Sheria hainiruhusu kumtilia shahidi maneno mdomoni, na dini yangu hainiruhusu zaidi. Njiani niliomba, na katika kuomba kwangu mlikuwa na ubishi, Mungu anisamehe.

Siku ya kusikizwa nilifika mahakamani kabla ya karani kufungua milango. Nililizunguka jengo, nikarudi, nikalizunguka tena. Hakimu mpya alikuwa mama wa makamo kutoka bara, mpole wa sauti, mwenye kuandika kila neno kwa mkono wake. Tabibu alikaa nyuma ya wakili wake, amevaa suti iliyomzidi mabega. Alikuwa mtoto wa wakulima wa mtoni, Mkristo, na ukoo wao naujua. Hakunitazama.

Mteja wangu aliapa, akakubali maelezo yake ya maandishi, na wakili wa upande wa pili akasimama. Kijana mtaratibu. Alimsalimia vizuri sana, nami nikaiogopa ile salamu.

"Mama, habari za asubuhi?"

"Nzuri, alhamdulillahi."

"Na mkono unaendeleaje?"

"Alhamdulillahi."

"Siku uliyorudi kliniki, tabibu alikuuliza hali yako?"

"Aliniuliza."

"Ukamjibu nini?"

"Nilimwambia alhamdulillahi, mzima."

"Ulimdanganya?"

Alimtazama kama mtu aliyetukanwa. "Mimi? Sikumdanganya."

"Kwa hiyo ulimwambia kweli."

"Kweli."

"Sina swali lingine, Mheshimiwa." Akakaa, kama nilivyosema.

Kalamu ya hakimu iliendelea kwa muda, kisha ikasimama. Wifi, kwenye benchi la nyuma, alivuta pumzi kwa nguvu hadi askari akamtazama. Mimi nilikuwa na haki ya kumuuliza tena shahidi wangu juu ya yale aliyojibu, na nilisimama bila kujua ninakwenda kuuliza nini. Karatasi zangu zote hazikunisaidia. Nikamuuliza kitu nilichotaka kukijua mwenyewe.

"Mama, uliposema alhamdulillahi, ulikuwa umemaliza kusema?"

"La," akasema. "Sikumaliza. Nilikuwa naanza."

"Mbona hukuendelea?"

"Alikuwa ameshaita mwingine."

Hakimu aliinua uso. Akamtazama yule mama kwa muda, kisha akaandika. Nikakaa, goti likagonga meza, na sikuhisi kitu.

Mchana ilikuwa zamu ya tabibu. Aliongozwa vizuri na wakili wake, akasema aliyoyaandika ndiyo aliyoambiwa. Niliposimama nilikuwa na maswali mengi ya kitaalamu yaliyotokana na ripoti ya daktari bingwa: kwamba mtu aliyefungwa plasta hutazamwa vidole, huminywa kucha kuona kama damu inarudi, huambiwa avinyooshe. Nilikusudia kuanza na hayo. Nilipomwona yule kijana amesimama pale, jasho likimshuka sikioni, nikaanza kwingine.

"Mama yako yu hai?"

Wakili wake akaruka. "Mheshimiwa, mama wa shahidi hayumo katika kesi hii."

"Nataka kuona mzee anakokwenda," hakimu akasema. "Lakini usiende mbali, mzee."

"Siendi mbali, Mheshimiwa. Nakwenda jikoni kwake tu."

Kijana akajibu kwamba mama yake yu hai, anaishi mtoni.

"Ukifika nyumbani ukamuuliza hali, anakujibuje?"

Alitabasamu kidogo, bila kukusudia. "Anasema mzima, Bwana asifiwe."

"Ukishasikia hivyo, unaondoka?"

Nje pikipiki ilipita, ikapita nyingine. Wakili wake alikuwa ameinua kichwa, naye aliliona linalokuja lakini hakuwa na la kupinga.

"Hapana," tabibu akasema. "Nakaa. Namuuliza tena."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu najua bado hajanijibu."

"Na mama huyu, ulimuuliza tena?"

"Watu walikuwa wengi siku ile."

"Sikuulizi watu. Ulimuuliza tena?"

"Sikumuuliza."

"Vidole vyake uliviona?"

"Vilikuwa ndani ya mtandio."

"Ulimwomba avitoe?"

"Hapana, mzee." Alisema mzee, kama tuko uani kwao. Kisha akageuka akamtazama yule mama kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Mama huyo alikuwa akitazama dirisha.

Nilimaliza maswali ya kitaalamu kwa sababu ilinibidi, lakini sauti yangu ilikuwa imeshuka. Sikuwa na furaha. Kijana yule angeweza kunidanganya, na wengi wenye suti nzuri kuliko yake wamenidanganya mahali palepale. Yeye alisema kweli akijua inakompeleka. Namwombea mpaka leo.

Hukumu ilichukua muda, na muda ule ulinichosha kuliko kesi. Hakimu alisema kwamba salamu si uchunguzi, na kwamba aliyemtibu mtu kwa salamu peke yake hajamtibu, akaamuru fidia ilipwe. Bima walitishia kukata rufaa. Niliwaandikia, nikawapigia, nikaenda Mombasa kuwakalia mlangoni mwa ofisi yao, nikiwaza vidole. Mwishowe walilipa. Mwanamke alilazwa, akapasuliwa, akarudi na mkono umefungwa bendeji, na safari hii wifi alikuwa naye kila siku ya kubadilishwa bendeji. Naambiwa wauguzi walimwogopa.

Muda mrefu baadaye nilikwenda kuwaona. Mvua ilikuwa imenyesha na nyika ilikuwa imeota. Alikuwa amekaa mahali palepale nje ya nyumba, na binti yake akikamua karibu, yeye akimwelekeza kwa maneno, kwa sababu kukamua hakuweza tena, kama daktari alivyosema. Aliniletea maziwa. Kikombe alikishika kwa mkono wa kulia. Vidole vitatu vilikizunguka, viwili vilibaki nyuma, na mkono wa kushoto ulikuwa chini yake ukishikilia kifundo. Kilitikisika. Maziwa kidogo yalimwagika juu ya kidole gumba chake. Nilikipokea kwa mkono wangu wa kulia, nikanywa.

"Unakula?" nikamuuliza.

"Nakula. Tonge dogo. Ugali ukiwa laini."

"Wanampikia uji sasa," wifi akasema kutoka ndani, "anauita ugali."

"Na maumivu?"

"Alhamdulillahi."

Nikasubiri. Nikauliza tena.

"Baridi ikija, unauma," akasema. "Hapa, na hapa. Usiku naufunga kwa kitambaa." Akanionyesha kovu bila kuambiwa, mkono ukiwa wazi juu ya magoti yake. Kisha akaniangalia. "Na wewe, mzee, goti?"

"Alhamdulillahi," nikasema.

Alikaa, akanitazama, wala hakukipokea kikombe nilichomrudishia.

"Goti, mzee?"

Basi nikamwambia. Nilimwambia kwamba ngazi za ofisini zinanishinda, kwamba asubuhi husimama nimeshika ukuta, na kwamba sijamweleza mke wangu. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akapokea kikombe kwa mkono wake wa kulia, akamwita binti yake aongeze maziwa.

Ewe uliyesoma mpaka hapa, Mungu akuhifadhi wewe na viungo vyako vyote. Akujaalie ulimi usioacha kumshukuru, na akupe karibu yako mtu ambaye, ukishashukuru, hataondoka. Nawe akujaalie uwe mtu huyo kwa mwenzako. Amin.